Hofu ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemsindikiza

Mgonjwa wa mtoto wa jicho akisema anaogopa, jibu analopewa huwa lile lile: "Usiogope, ni upasuaji mdogo tu." Mwanawe humwambia hivyo, jirani aliyekwisha kufanyiwa humwambia hivyo, na wakati mwingine tunamwambia hata sisi wahudumu. Jibu hilo halimtulizi. Anayeogopa upasuaji wa jicho ana jambo mahususi linalomtisha, na hofu yake hupungua jambo hilo linapotajwa kwa jina na kujibiwa kwa ukweli: kitafanyika nini, kwa mpangilio upi, atahisi nini, ataona nini, na afanye nini akishindwa kuvumilia.

Mwongozo huu unafuata safari nzima, tangu siku unapoambiwa jicho lifanyiwe upasuaji hadi wiki za matone nyumbani. Umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na mtu atakayemsindikiza, kwa kuwa mara nyingi msindikizaji ndiye atakayeusoma kwa sauti.

Hatua ya 1: Hofu itajwe

Kaa na mgonjwa mahali tulivu, umuulize: "Bibi, ni kitu gani hasa kinachokuogopesha?" Kisha nyamaza. Usimjazie maneno. Atazunguka kidogo, ataanza na nauli au nani atabaki na wajukuu, halafu jambo lenyewe litatoka.

Mara nyingi litakuwa hili: amesikia kwamba jicho hung'olewa, likawekwa mezani, likasafishwa na kurudishwa. Imani hii imeenea vijijini na mijini, na wapo waliokaa gizani miaka kwa sababu yake. Jicho halitolewi. Linabaki mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili, yenye upana wa takriban milimita 9 hadi 10, ambayo ilikuwa angavu ujanani na sasa imeingia ukungu. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Daktari hufungua njia ndogo pembeni mwa jicho, hutoboa utando wa mbele wa kimfuko kinachoshikilia lenzi, huitoa lenzi yenye ukungu, kisha huweka lenzi bandia ndani ya kimfuko kile kile. Kwa njia ya mashine inayovunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, tundu huwa la milimita 2 hadi 3. Kwa njia ya mkono, inayotumika sana katika hospitali na kambi za macho za Afrika Mashariki, huwa la milimita 6 au 7 na hukatwa kwa mshazari ili lijifunge lenyewe. Njia zote mbili kwa kawaida hazihitaji nyuzi.

Hofu ya pili ni ya kitu kigeni: "Hiyo plastiki itaoza? Itatoka nikiinama?" Hapa historia inasaidia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwatibu marubani ambao vipande vya plastiki ya dirisha la ndege viliwaingia machoni. Aliona kwamba jicho halikuikataa plastiki hiyo kama lilivyokataa vitu vingine. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaweka lenzi bandia ya kwanza ndani ya jicho la mtu. Zinazotumika leo ni kizazi cha lenzi hiyo. Haiozi, haihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na ukiisha kupona hutaihisi. Baadhi ya watu hupata ukungu tena miezi au miaka baadaye kwa sababu utando ulio nyuma ya lenzi umefifia. Hilo hutibiwa kwa mwanga wa leza kliniki, bila kisu.

Hofu ya tatu ni kupofuka kabisa, na hii isijibiwe kwa kubembeleza. Upasuaji wa mtoto wa jicho hufanikiwa kwa wagonjwa walio wengi sana, lakini una hatari zake: maambukizi ndani ya jicho, kutoka damu, kimfuko kuchanika, pazia la nyuma ya jicho kubanduka. Hutokea kwa wachache. Mweleze mgonjwa hivyo hivyo, kisha mwende kwa daktari na swali hili: "Katika jicho hili la kwangu, kuna ugonjwa mwingine, kama presha ya jicho au madhara ya kisukari?" Jibu litampa matumaini yanayolingana na hali yake. Aliyeahidiwa kuona kama kijana wa miaka 20, akapata nafuu ya nusu, hatarudi kwa jicho la pili.

Mwenye jicho moja tu linaloona ana haki ya kuogopa zaidi. Aombe muda wa kuzungumza na daktari atakayempasua, aulize kila kitu, na asione haya kwenda nyumbani kufikiri. Mtoto wa jicho kwa kawaida si wa dharura. Ila kusubiri bila mwisho nako kuna gharama: lenzi huzidi kuwa ngumu, upasuaji huwa mgumu, wazee huanguka na kuvunjika nyonga, na mara chache lenzi iliyovimba hupandisha presha ya jicho kwa ghafla. Ile kauli ya zamani kwamba mtoto wa jicho "akomae kwanza" haina kazi tena.

Hatua ya 2: Yasemwe mapema yanayoweza kuvuruga siku

Hofu nyingi ya asubuhi ya upasuaji hutokana na mambo yaliyofichwa au kusahaulika. Beba dawa zote unazotumia, ukiwa na vikasha vyake, umwonyeshe daktari kwenye kliniki ya maandalizi.

Wanaume wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume wanisikilize vizuri. Dawa hiyo hulegeza kipete cha rangi kinachozunguka mboni, na upasuaji huwa mgumu kama daktari hajui. Akijua mapema, hujiandaa. Kuiacha wiki moja kabla hakuondoi tatizo, kwa hiyo cha muhimu ni kusema, hata kama uliitumia zamani. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasiziache kwa uamuzi wao. Wenye kisukari waulize hasa: nile au nisile, ninywe dawa au nichome sindano asubuhi ile, au nisubiri? Dawa za presha huendelea kama kawaida, hadi asubuhi yenyewe, isipokuwa umeambiwa vinginevyo.

Sema pia kama una kikohozi kisichoisha, kama huwezi kulala chali kwa sababu ya moyo, pumu au mgongo, kama hofu hukubana ukifunikwa uso au ukiwa mahali pafinyu, kama mikono au kichwa hutetemeka, kama husikii vizuri. Mengi kati ya hayo yana njia: mto chini ya magoti, kitanda kuinuliwa kidogo, shuka kuinuliwa lisiguse pua, siku kusogezwa hadi kifua kitulie. Yakijulikana mgonjwa akiwa tayari mezani, kinachobaki ni kumtisha.

Uliza na gharama yote siku hiyo hiyo, pamoja na matone ya kutumia nyumbani na siku za kurudi. Mzee anayewaza kwamba atawaachia watoto deni hatulii hata akichomwa ganzi mara tatu.

Hatua ya 3: Mazoezi ya nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami ningeipa uzito kuliko zote. Anza wiki moja kabla, mara moja kwa siku.

Mgonjwa alale chali juu ya mkeka au kitanda kigumu, mto mwembamba chini ya kichwa, mikono kando ya mwili. Siku ya kwanza dakika 5, kisha mwongeze hadi afike 30 bila kugeuka. Upasuaji wenyewe mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 30, kwa hiyo akiweza nusu saa nyumbani atakuwa na akiba. Angalia kinachomsumbua: kama ni mgongo, jaribuni khanga iliyokunjwa chini ya magoti, kama ni pumzi, hilo ni la kumwambia daktari.

Siku ya tatu au ya nne, mfunike uso kwa khanga nyepesi, ukiinua upande mmoja kwa mkono ili hewa ipite. Hospitalini atafunikwa kwa shuka lenye tundu sehemu ya jicho, na wapo wanaovumilia kila kitu isipokuwa shuka hilo. Akizoea khanga nyumbani, shuka la hospitali halitamshtua.

Kisha pumzi. Avute hewa kwa pua taratibu huku akihesabu moyoni hadi 4, aitoe taratibu zaidi akihesabu hadi 6. Isiwe pumzi ya kutanua kifua na kuinua mabega, kwani hiyo hutikisa kichwa. Mweke kiganja juu ya tumbo lake. Tumbo ndilo lipande na kushuka.

Mwisho, maagizo. Daktari atatumia maneno machache: "tazama juu," "tazama chini," "tazama kwenye taa," "tulia hivyo hivyo," "usisogee." Kwa bibi ambaye maisha yake yote ameongea Kisukuma, Kichaga au Kikamba, maneno haya akiyasikia kwa mara ya kwanza chini ya shuka yanaweza kumpotea. Mfundishe kwa lugha yake na kwa Kiswahili, umwambie ageuze jicho bila kugeuza kichwa, mrudie hadi afanye bila kufikiri. Na wajulishe wauguzi lugha anayoielewa vizuri. Mara nyingi katika zamu hakosekani mtu anayeijua.

Kama kuna mtu mtaani aliyefanyiwa, mwiteni. Ila mwombeni asimulie kwa mpangilio, alichohisi na alichoona, asiishie kwenye "hata sikusikia kitu."

Hatua ya 4: Usiku na asubuhi

Oga, osha kichwa na uso vizuri, kwa sababu baada ya upasuaji maji hayatakiwi kuingia jichoni kwa siku kadhaa. Usipake wanja, mafuta wala poda usoni. Vaa nguo yenye vifungo mbele, isiyovuliwa kwa kupitia kichwani. Kula au kutokula hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo fuata ulichoambiwa.

Usipopata usingizi, usijilaumu. Kukesha usiku mmoja hakuharibu upasuaji. Usimeze dawa ya usingizi ya jirani.

Hatua ya 5: Benchi la kusubiri

Kwa wengi, hapa ndipo hofu hufika kileleni, kwa sababu hakuna la kufanya ila kusubiri. Matone ya kupanua mboni yatatiwa mara kadhaa. Yanawasha kidogo na kuona kutazidi kufifia. Hiyo ni kazi ya dawa, jicho halijaharibika. Muuguzi atauliza jina lako na jicho gani, tena na tena, na pengine atachora alama juu ya nyusi. Wanajua, wanahakikisha. Ukiona wamekosea jicho, sema palepale.

Presha hupanda kwa woga. Ikipimwa ikawa juu, omba ukae dakika 15 hivi, upumue kama ulivyojizoeza, kisha ipimwe tena. Ikibaki juu sana, daktari anaweza kuahirisha. Inauma, lakini presha ya juu huongeza hatari ya kuvuja damu ndani ya jicho, na kuahirisha huko ni kukulinda.

Msindikizaji, hapa simu ya ndugu wa mbali anayelia haina msaada. Mazungumzo ya kawaida yanasaidia: shamba, mtihani wa mjukuu, chakula cha jioni. Mpeleke msalani kabla hajaitwa, hata kama hahisi haja. Kibofu kilichojaa humtikisa mtu mezani kuliko woga.

Baadhi ya hospitali hutoa dawa nyepesi ya kutuliza. Iulizie kama hofu ni kubwa. Haitolewi kwa kila mtu, kwani mzee akilewa usingizi anaweza kuzinduka ghafla na kuruka. Usingizi kamili huhifadhiwa kwa watoto na kwa watu wasioweza kabisa kutulia au kufuata maelekezo.

Hatua ya 6: Ganzi

Zipo njia tatu kuu, nawe una haki ya kujua utapewa ipi.

Ya sindano ndiyo inayoogopwa. Sindano haichomwi ndani ya jicho. Hupita pembeni, mara nyingi upande wa chini karibu na mfupa, dawa ikaingia katika nafasi inayozunguka jicho. Utahisi mchomo, kisha mgandamizo kana kwamba jicho linasukumwa kutoka nyuma, kwa sekunde chache. Halafu muuguzi hulikandamiza jicho kwa mkono au kifaa kwa dakika kadhaa ili dawa isambae. Kope litakuwa zito, jicho halitageuka, na pengine mwanga utapungua au kuzimika kabisa. Giza hili ndilo liwashtualo wasioambiwa. Ni ganzi imefika kwenye mshipa wa kuonea. Inapoisha, mwanga hurudi.

Njia ya pili hutumia mrija butu unaopitishwa chini ya utando mweupe wa jicho baada ya matone ya ganzi. Ya tatu ni matone peke yake: hakuna sindano, lakini jicho linaona na linaweza kugeuka, hivyo utahitaji kutazama taa na kutulia zaidi.

Ganzi huondoa maumivu, haiondoi hisia ya kuguswa. Kusukumwa, kuvutwa kidogo, ubaridi wa maji, vyote utavihisi. Maumivu makali hayatakiwi. Ukiyasikia, sema, ganzi huongezwa.

Hatua ya 7: Mezani

Mambo yatafuatana hivi. Uso utasafishwa kwa dawa ya rangi ya kahawia ambayo huua vijidudu, na tone lake litaingia jichoni. Shuka litashuka juu ya uso, na plasta ya pembeni itanata kwenye ngozi. Hewa ipo, hospitali nyingi huweka mrija wa hewa au oksijeni karibu na pua. Kisha kifaa kidogo cha waya kitashikilia kope. Hicho ndicho jibu la wale wanaouliza, "Na nikipepesa?" Hutaweza kupepesa, na huna haja ya kujizuia. Jicho litamwagiwa maji lisikauke.

Taa ya hadubini ni kali mwanzoni, kisha hufifia. Baada ya hapo, unachoona hutegemea ganzi: wengine hawaoni kitu, wengine huona rangi nyekundu, buluu na njano zikielea, vivuli vikipita, mwanga ukibadilika lenzi inapotoka. Utafiti uliofanywa India uligundua kwamba walioelezwa mapema kuhusu mambo hayo waliogopa kidogo kuliko ambao hawakuelezwa. Maji yatachuruzika hadi sikioni. Ikitumika mashine, utasikia ikivuma na kulia kwa sauti inayopanda na kushuka. Mlio huo ni wa kawaida.

Kama una jambo, sema kwa sauti ya kawaida bila kugeuza kichwa: "Daktari, nataka kukohoa." Atatoa vifaa kwanza, nawe utakohoa. Usinyanyue mkono kuelekea usoni, hata pua ikiwasha vipi. Kabla ya kuanza, omba muuguzi akushike mkono, mkubaliane kwamba ukiubana mara mbili una shida. Ombi hili si la kitoto. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wagonjwa wa mtoto wa jicho walioshikwa mkono walikuwa na wasiwasi mdogo, na hata adrenalini katika damu yao ilikuwa chini. Wadi isiyo na mashine ya kisasa inaweza kulifanya hilo leo.

Dua na sala zina nafasi yake. Fanya dhikri au sema Baba Yetu moyoni, midomo ikiwa imetulia, kwani taya likitembea na kichwa hutembea. Wapo wanaoruhusiwa kusikiliza kisomo au kwaya kwa sauti ya chini. Iwe chini kiasi cha kumsikia daktari.

Kwa wenzangu wahudumu, neno moja. Mgonjwa aliye chini ya shuka anasikia kila kitu. Akisikia "aah!" au "nipe kisu kingine," au ukimya mrefu baada ya mzaha, atajaza mwenyewe maana. Mwite kwa heshima, bibi, mzee au mama, mwambie kinachofuata kabla ya kumgusa, na mtajie ulipofika: "Lenzi ya zamani imetoka, sasa naweka mpya." Sentensi hiyo humtuliza na haiongezi hata dakika.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Jicho litafungwa, mara nyingi hadi kesho yake. Kukwaruza kidogo kama mchanga, machozi na uwekundu ni kawaida. Likifunguliwa, kuona kunaweza kuwa na ukungu siku za mwanzo, na buluu na nyeupe huweza kung'aa mno. Usikate tamaa wala usilinganishe siku yako ya kwanza na ya mwenzako. Miwani ya kusomea huenda ikahitajika baadaye.

Matone hutumika kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4. Nawa mikono kwanza, ncha ya chupa isiguse jicho. Usisugue jicho, na usiku funika kwa kinga ya plastiki. Kuinama kidogo wakati wa sala, muulize daktari wako ni lini uanze tena; wanaoswali huswali wakiwa wameketi kwa siku za mwanzo.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kuona kunakoshuka baada ya kuwa kumeanza kurudi, usaha, uwekundu unaoongezeka, vimulimuli au pazia jeusi likiingia pembeni: rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili, hata kama ulipangiwa kurudi wiki ijayo. Maambukizi ndani ya jicho hayasubiri, na saa chache zinaweza kuamua kama jicho litaokolewa.

Ikifika zamu ya jicho la pili, mgonjwa huja akiwa mtulivu zaidi, na hapo hukutana na jambo asilolitarajia: watu wengi husema jicho la pili liliuma kuliko la kwanza. Limeonekana katika tafiti kadhaa, na inadhaniwa kwamba safari ya kwanza woga ulifunika mengine yote, ya pili mtu ana utulivu wa kuhisi kila kitu. Mwambie hivyo kabla hajapanda mezani, na mazoezi ya hatua ya 3 ayarudie yote.